Vumbi Lililo Ndani ya Dakti: Kazi Ninayoifanya Mwenyewe na Ile Ninayomwachia Fundi

Siku niliyofungua kifuniko cha tundu la hewa sebuleni ili nipake rangi ukuta uliolizunguka, nilimulika ndani kwa tochi na kukuta vumbi la kijivu limetanda juu ya bati kama blanketi jembamba. Mwanangu wa pili ana pumu, na kwa sababu hiyo sikuliona vumbi lile kuwa uchafu wa kawaida. Niliona kila pumzi aliyoivuta usiku ikiwa imepita juu yake. Kabla jua halijazama nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba mabomba yote ya hewa ya nyumba yetu, yale ambayo mafundi huyaita dakti, yatasafishwa, na nilidhani kilichobaki ni kuchagua tu kama nitayasafisha mwenyewe au nitamwita fundi. Imenichukua miaka kadhaa, kazi moja niliyoiharibu kwa mikono yangu, na mafundi wawili wasiofanana hata kidogo, kutambua kwamba kulikuwa na swali lililopaswa kutangulia hilo: vumbi lile lilitoka wapi, na kwa nini liliendelea kuingia?

Mfumo wenyewe unaeleweka kwa urahisi mtu akifuata safari ya hewa. Feni kubwa iliyo ndani ya mashine huvuta hewa ya vyumbani kupitia dakti za kurudishia. Hewa hiyo hupita kwenye chujio, ikapita kwenye koili inayoipoza au kwenye sehemu inayoipasha joto, kisha ikasukumwa kurudi vyumbani kupitia dakti za kupelekea. Vyote vinavyoelea ndani ya nyumba, yaani nyuzi za nguo na mazulia, chembe za ngozi zetu wenyewe, manyoya ya paka, udongo mkavu uliobebwa na viatu, huvutwa kwenye upande wa kurudishia kabla havijakutana na chujio. Ndiyo maana upande huo huwa na vumbi zaidi hata katika nyumba inayotunzwa vizuri. Tundu nililolifungua siku ile lilikuwa la kurudishia, na lau ningejua hivyo ningeenda kwanza kufungua tundu la kupelekea katika chumba cha mtoto, ambalo ndilo lenye habari ya kile anachokivuta. Nilipolifungua siku nyingi baadaye, nilikuta bati lenye vumbi hafifu lililogandamana, ambalo halikutikisika hata nilipolipuliza kwa mdomo.

Kugandamana huko si jambo dogo. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa mwongozo wake kuhusu usafishaji wa dakti za nyumbani mwaka 1997, na msimamo wake wa msingi ni kwamba haijawahi kuthibitishwa kuwa kusafisha dakti kunazuia maradhi, wala tafiti hazijaonyesha kwa uhakika kwamba chembe zilizomo hewani nyumbani huongezeka kwa sababu dakti ni chafu, kwa kuwa sehemu kubwa ya uchafu huo hushika kwenye kuta za dakti na si lazima utoke kuingia vyumbani. Shirika la nyumba la Kanada, Canada Mortgage and Housing Corporation, lilichunguza suala hilohilo katika nyumba za watu na likafikia hitimisho la karibu sana na hilo. EPA haipendekezi kusafisha kwa ratiba ya kila mwaka, bali pale panapokuwa na sababu, na sababu inazozitaja ni tatu: ukungu (kuvu) mwingi unaoonekana kwa macho ndani ya dakti ngumu au kwenye sehemu nyingine za mfumo, panya au wadudu walioweka makazi humo, na vumbi au takataka nyingi kiasi cha kuziba njia au kutoka waziwazi kwenye matundu ya vyumbani.

Nilipousoma mwongozo huo mara ya kwanza niliudhika. Mzazi anayemsikia mtoto wake akikohoa saa nane za usiku hapendi kuambiwa kwamba uchafu alioushika kwa vidole vyake huenda hauna kosa. Lakini nimeusoma mara nyingi tangu wakati huo, na sasa naona kwamba hausemi vumbi ni zuri. Unasema kwamba vumbi lililoshika kwenye bati si sawa na vumbi linaloelea, na kwamba mtu asiyejua kuvitofautisha anaweza kulitoa la kwanza mahali lilipotulia na kuligeuza kuwa la pili. Kosa hilohilo ndilo nililolifanya.

Nilinunua brashi ndefu ya kuunganishwa na drili, ile yenye fito nyembamba zinazoungwa moja baada ya nyingine mpaka ifike mbali, nikaazima mashine ya kufyonza vumbi ya jirani kwa kuwa ilikuwa na nguvu kuliko yetu, nikaanza na chumba cha mtoto kwa sababu ndicho kilichonihangaisha. Mita mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Baada ya hapo brashi iliacha kugonga bati na ikaanza kutoa mlio laini, kama inapita kwenye kitambaa, nami nikaendelea kuisukuma nikiamini kwamba mlio ule ni wa vumbi jingi. Kumbe bati lilikuwa limekwisha. Kuanzia pale dakti ilikuwa ya aina nyingine, ile inayokunjika, ambayo ni utando mwembamba wa plastiki uliofungwa juu ya waya wa mzunguko, ukazungushiwa faibaglasi, yaani nyuzi laini za kioo, kisha ukavikwa ganda la nje. Brashi inayozunguka kwa kasi ya drili huuchana utando huo kwa sekunde chache. Niliporudisha fito nje zilikuja na nyuzi za faibaglasi za rangi ya waridi zimejisokota kwenye ncha, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimetoboa.

Sikuijua hasara yote siku ile. Niliijua polepole. Chumba kile kilianza kuchelewa kupoa kuliko vingine, kwa sababu sehemu ya hewa yake sasa ilikuwa inatokea juu ya dari, na matundu yake yakaanza kuacha chembe zinazong'aa kwenye rafu iliyo chini yake. Usiku wa kwanza wenyewe mwanangu alikohoa zaidi ya kawaida, na sababu yake sikuihitaji kuitafuta mbali: mashine niliyoiazima haikuwa na chujio la kiwango cha HEPA, lile linalonasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa hiyo ilifyonza vumbi zito mbele na kupuliza vumbi laini nyuma, ndani ya chumba kilekile ambacho tulimlaza saa tatu baadaye. Ninalisimulia hili kwa uchungu kwa sababu nililifanya kwa nia ya kumsaidia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo ningemsihi mtu yeyote anayetaka kusafisha mwenyewe ni ajue dakti zake zimetengenezwa kwa nini, na ajue hivyo kwa kila sehemu, kwa maana nyumba moja inaweza kuwa na aina tatu. Bati gumu huvumilia brashi. Dakti inayokunjika haivumilii, na ikichakaa au kujaa uchafu mara nyingi ni busara zaidi kuibadilisha kuliko kuisugua. Zipo pia zilizotengenezwa kwa mbao za faibaglasi au bati lililopakwa faibaglasi kwa ndani ili kupunguza kelele. Hizo zina uso wenye vinyweleo, zikilowa na kuota ukungu hazisafishiki ipasavyo, na mwongozo wa EPA unasema wazi kwamba sehemu hiyo iondolewe na kuwekwa nyingine.

Kuna hatari nyingine ambazo hazihusu dakti kuchanika bali mtu mwenyewe. Katika nyumba za zamani, hasa zilizojengwa kabla ya miaka ya 1980, viungo vya dakti na ganda lake la nje huenda vilifungwa kwa karatasi au utepe wenye asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu, na ukikutana na kitu cheupe chenye nyuzinyuzi, kinachomeguka, kilichofungwa kwenye kiungo, usikiguse, usikikwangue, wala usikifyonze. Mwite mtu mwenye kibali cha kazi hiyo. Kinyesi cha panya nacho hakifagiliwi kikavu wala hakifyonzwi kwa mashine, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba virusi vya hanta. Ushauri wa vituo vya kudhibiti magonjwa vya Marekani, CDC, ni kufungua madirisha kwanza, kuvaa glavu, kukilowanisha kwa dawa ya kuua vijidudu kwa angalau dakika 5, kisha kukipangusa kwa karatasi za kutupa. Jambo hilo linawezekana kwenye mdomo wa tundu. Mita nne ndani ya dakti haliwezekani, na hapo mjadala wa kujifanyia mwenyewe unakwisha.

Nimeeleza hatari hizo kwa kirefu, lakini sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba kazi yote ni ya fundi. Ukweli ni kwamba sehemu inayoleta tofauti kubwa zaidi katika hewa ya nyumba yangu ni ile ninayoifanya mimi, na haihitaji brashi ndefu. Ni chujio.

Kwa muda mrefu nililiona chujio kama kipande cha karatasi cha kubadilisha nikikumbuka, nikanunua lolote linaloenea kwenye nafasi yake. Machujio hupangwa kwa kipimo cha MERV, kinachotokana na kiwango namba 52.2 cha shirika la wahandisi la ASHRAE, kuanzia 1 hadi 16. Chujio la MERV 8 hunasa angalau asilimia 70 ya chembe zenye ukubwa wa mikroni 3 hadi 10, lakini lina uwezo mdogo kwa zile zilizo ndogo kuliko hizo; la MERV 13 hunasa angalau asilimia 50 hata ya zile za mikroni 0.3 hadi 1, ambazo ndizo zinazopenya mapafuni kwa kina. Ili msomaji apate picha, unywele wa binadamu una upana wa takriban mikroni 70. Mtu anaweza kukimbilia namba kubwa kuliko zote, na mimi nilikimbilia, ila kila chujio zito huipa feni kazi zaidi ya kuvuta hewa. Ikiwa mashine haikubuniwa kwa mzigo huo, hewa hupungua, koili inaweza kuganda barafu, na injini ya feni huchoka mapema. Maelezo ya mashine yenyewe, au fundi aliyeipima, ndiyo yanayojua kikomo chake. Mashine yetu inavumilia MERV 11 bila shida, na hapo ndipo tuliposimama.

Namba peke yake haitoshi, hata hivyo. Chujio zuri lililokaa vibaya ni kama mlango uliofungwa ukutani pasipo na fremu. Nilipolitoa letu na kumulika nafasi yake, niliona michirizi ya vumbi pembeni, alama ya wazi kwamba hewa ilikuwa inapita kando ya chujio badala ya kupita ndani yake, kwa kuwa fremu ya karatasi ilikuwa nyembamba kuliko mfereji wake kwa upana wa kidole. Niliziba mwanya huo kwa ukanda wa sponji wenye gundi. Nililitazama pia lile la mshale, maana kila chujio lina mshale unaoonyesha hewa inakoelekea, na letu lilikuwa limewekwa kinyume kwa muda nisioujua. Sasa nalibadilisha kila baada ya miezi miwili, na mapema zaidi katika majira ambayo mashine hufanya kazi mchana kutwa. Inatosha kulishika kuelekea kwenye mwanga: likiwa halipitishi mwanga tena, muda wake umekwisha.

Mambo mengine ninayoyafanya mwenyewe nitayapitia haraka kwa sababu hayana ugumu. Nafungua vifuniko vya matundu kwa bisibisi mara mbili kwa mwaka, navilowesha kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, navikausha kabisa kabla ya kuvirudisha. Ndani ya tundu nafyonza hadi pale mkono wangu unapofika, kwa mashine yenye chujio la HEPA ambayo hatimaye nilijinunulia, na siendi mbele ya hapo. Nazima mfumo kabla sijafungua chochote, na si kwa kitufe cha ukutani tu bali kwenye swichi kuu ya umeme. Navaa barakoa ya N95. Namwaga maji kwenye bomba la kutolea maji ya mashine ili nione kama linapita, kwa maana koili inapopoza hewa hutoa jasho jingi, na trei ya kupokelea maji hayo ikiziba inakuwa bwawa dogo lenye giza na joto, mahali pazuri kwa ukungu kuliko penginepo ndani ya nyumba. Nina kipimo kidogo cha unyevu ukutani. Kikipita asilimia 60 najua kwamba kuna jambo la kushughulikia, kwani ukungu hauoti kwa sababu ya vumbi peke yake, unaota mahali vumbi lilipokutana na maji.

Baada ya kuharibu dakti ya chumba cha mtoto, nilimwita fundi. Nilimpata kwa tangazo lililoahidi nyumba nzima kwa bei ya chini sana, na bei ile pekee ilipaswa kunizindua. Walikuja vijana wawili wenye mashine ya kufyonza isiyozidi sana ile niliyoiazima, wakaingiza mpira wake katika kila tundu kwa dakika tatu au nne, na katika muda usiofika saa moja walikuwa wamekwisha kumaliza. Hawakufungua mashine. Hawakuuliza dakti zimetengenezwa kwa nini. Kabla ya kuondoka mmoja wao alinionyesha doa jeusi kwenye mdomo wa tundu, akaniambia kwa sauti ya huruma kwamba huo ni ukungu wa hatari na kwamba wanayo dawa ya kupuliza ndani ya mfumo wote, kwa malipo ya ziada yaliyozidi mara tatu ya yale ya kwanza. Nilikuwa baba mwenye mtoto mgonjwa na aliyekwisha kufanya kosa moja. Nilikuwa karibu sana kukubali. Mke wangu ndiye aliyeuliza swali lililotuokoa: "Umejuaje kuwa ni ukungu?" Hakuwa na jibu. Kwa macho matupu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba doa fulani ni ukungu; sampuli hupelekwa maabara. Lile letu lilitoka kwa kitambaa chenye sabuni, nalo halijarudi, na nadhani lilikuwa masizi ya mishumaa.

Kuhusu dawa za kupuliza, nasema kwa msisitizo kwa sababu wanaouziwa ni watu walio katika hali niliyokuwa nayo. Dawa ya kuua vijidudu inayopulizwa ndani ya dakti inaishia kwenye mapafu ya wanaolala upande wa pili wa dakti hiyo. EPA inaeleza kwamba manufaa yake katika dakti hayajathibitishwa, kwamba hakuna dawa ya aina hiyo iliyosajiliwa nayo kwa matumizi ya dakti zenye faibaglasi ndani, na kwamba kama ukungu umeota, kinachopaswa kutafutwa kwanza ni chanzo cha maji. Ukiua ukungu na kuacha maji yakivuja, utauona tena. Mashine za ozoni zinazodaiwa kutakasa dakti nazo ni za kuepukwa, hasa katika nyumba yenye mwenye pumu, kwa sababu ozoni yenyewe huwasha njia za hewa.

Fundi wa pili nilimpata kwa kupendekezwa na mtu aliyenirekebishia mashine, na tofauti ilianza kwenye simu. Aliniuliza nyumba ina matundu mangapi, mashine iko wapi, dakti ni za aina gani, na kitu gani kimenifanya nimpigie. Nilipomwambia kuhusu pumu, hakuniahidi chochote. Alisema atakuja kuangalia kwanza, na kama hakuna sababu ya kusafisha ataniambia hivyo. Huyo alikuwa ameingia katika dakti kwa kamera ndogo kabla hajafungua sanduku la vifaa, akanionyesha mimi na mke wangu kwenye skrini tulichotamani kukiona tangu mwanzo: upande wa kupelekea ulikuwa safi kuliko nilivyoogopa, isipokuwa pale nilipochana, na upande wa kurudishia ulikuwa na rundo la uchafu mahali pamoja, chini kidogo ya kiungo fulani kilicho juu ya dari.

Njia aliyoitumia ndiyo ambayo chama cha wasafishaji wa dakti cha NADCA, kilichoundwa Marekani mwaka 1989, kimeiweka katika viwango vyake, na wazo lake ni jepesi ingawa vifaa vyake ni vikubwa. Mashine kubwa ya kuvuta hewa huunganishwa na dakti karibu na feni, matundu yote ya vyumbani huzibwa isipokuwa lile linaloshughulikiwa, na mfumo mzima huwekwa katika hali ya kuvutwa, ili chochote kitakachobanduka kisiwe na njia nyingine ila kuelekea kwenye mashine hiyo. Ndipo vumbi hubanduliwa: kwa brashi pale penye bati gumu, kwa mipira ya hewa yenye mgandamizo inayochapa kuta za dakti pale penye ulaini. Kubandua bila kuvuta ndiyo kazi niliyoifanya mimi. Kuvuta bila kubandua ndiyo kazi ya wale vijana. Yote mawili hufanana na usafishaji kwa mtu anayesimama sebuleni.

Alichukua karibu saa tano kwa nyumba isiyo kubwa. Alitoboa matundu mawili ya kuingilia kwenye bati, na alipomaliza aliyafunika kwa vipande vya bati vyenye skrubu na kuyaziba, ili mtu mwingine aweze kuyafungua siku zijazo. Alifungua mashine yenyewe, akasafisha mapanga ya feni yaliyokuwa yamevaa vumbi kama manyoya, akasafisha koili na trei ya maji, jambo ambalo ndilo ninaloamini liliboresha mtiririko wa hewa kuliko lingine lolote, kwa sababu koili ina mapezi membamba yaliyokaribiana na vumbi kidogo tu hutosha kuyaziba. Kipande nilichokichana alikibadilisha.

Kisha akanipandisha ngazi juu ya dari anionyeshe kile kiungo. Dakti ya kurudishia ilikuwa imeachana na mwenzake kwa nafasi ya kupitisha mkono. Utepe uliokuwa umeifunga ulikuwa umekauka na kuning'inia. Kwa miaka isiyojulikana, kila feni ilipowaka, mfumo wetu ulikuwa unavuta hewa ya juu ya dari pamoja na vumbi lake, nyuzi zake za faibaglasi na mabaki ya wadudu, na kuipeleka kwenye chujio lililokuwa limekaa kinyume na lenye mwanya pembeni. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Ningesafisha dakti zile mara kumi, kwa mikono yangu au kwa fundi bora kuliko wote, zingejaa tena.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba hali ile si ya ajabu. Mpango wa Marekani wa kuokoa nishati, Energy Star, hukadiria kwamba katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita katika dakti hupotea kwa kuvuja, kwa viungo vibovu na matobo. Mwaka 1998 watafiti Max Sherman na Iain Walker wa maabara ya Lawrence Berkeley walijaribu vizibio vya aina nyingi kwa kuvipitisha katika joto na baridi kama vinavyopitia dakti, na kilichofeli vibaya kuliko vyote ni utepe wa kitambaa wenye gundi, uleule ambao watu wengi huudhania umetengenezwa kwa kazi hiyo. Gundi yake hukauka, utepe ukaanguka. Fundi wetu alifunga kiungo kwa skrubu, akakipaka mastiki kwa brashi, ile inayofanana na rangi nzito na kukauka bila kuwa ngumu kama jiwe, akanipa kopo lililobaki na kuniambia kwamba viungo vingine vilivyo wazi naweza kuvipaka mwenyewe. Nilivipaka Jumamosi iliyofuata, na kati ya kazi zote nilizozifanya katika mfumo ule, hiyo ndiyo ninayoiona kuwa yenye manufaa zaidi ambayo mtu asiye fundi anaweza kuifanya kwa usalama, mradi hakuna dalili ya asbesto.

Ikiwa mtu ananiuliza leo kama amwite fundi, namuuliza kwanza ameona nini. Kama nyumba imetoka kujengwa upya au kukarabatiwa, na matundu hayakuzibwa wakati mafundi wanakata na kusugua mbao za jasi, basi ndiyo, kwa kuwa vumbi la jasi ni laini mno, hupenya machujio mepesi na kuganda kwenye koili yenye unyevu. Kama maji yaliingia, kama kuna harufu ya uvundo inayokuja kila mashine inapowaka, kama kuna panya, ndiyo vilevile, lakini paa, bomba au tundu la panya lishughulikiwe kabla ya dakti. Kama mashine inachoma gesi au mafuta, ninamsihi amwite mtu kila mwaka hata dakti ziwe safi, kwa sababu ufa katika kibadilisha joto, yaani ukuta unaotenganisha moto na hewa ya vyumbani, unaweza kuingiza gesi ya kaboni monoksidi nyumbani, na gesi hiyo haina harufu. Kama alichokiona ni vumbi kwenye kifuniko cha tundu la kurudishia, namwambia akioshe.

Na akiwa ameamua kumwita, amuulize fundi atawekaje mfumo katika hali ya kuvutwa, atafungua mashine au la, na atafanya nini akikutana na dakti inayokunjika. Sijali sana maneno atakayoyatumia. Nasikiliza kama ana jibu. Fundi anayetaja bei kabla ya kujua nyumba ina matundu mangapi hajajua bado ni kazi gani anayoiuza, na anayeahidi kuponya pumu anaahidi kitu ambacho hakuna shirika lolote la afya linalokiunga mkono.

Sisemi kwamba mwanangu amepona. Daktari wake alibadilisha dawa zake mwaka uleule, tukatoa zulia chumbani mwake, paka wetu akaanza kulala kwenye varanda, na sina njia ya kutenganisha manufaa ya kimoja na cha kingine. Analala vizuri zaidi. Hilo ndilo ninaloweza kulisema. Juu ya kifuniko cha mashine mke wangu amebandika karatasi ambayo kila anayebadilisha chujio anaandika tarehe, na mwezi uliopita mwandiko uliokuwapo ulikuwa wa mtoto, mkubwa na uliopinda, pamoja na mshale aliouchora ili tusikosee upande.